Maganda Membamba ya Peasi

Dada yangu Serafina,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umelala, na goti lako liwe limekuruhusu kufika kanisani. Mimi nakula, natembea, ila usingizi wangu ni wa kuku. Anayeniandikia ni Pina, jirani yangu, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu husikii tena, nami nimechoka kupiga kelele mpaka mbwa wa Melbourne nzima wananiitikia.

Umeniuliza kwa nini mwaka huu sikukupa habari za siku yetu ya kupika mchuzi wa nyanya wa mwaka mzima. Hatukupika, dada. Februari imepita, nyanya zimeivia mashinani zikaozea hapo hapo, na chupa ziko gereji zimeshika vumbi. Shauri ya Alessia.

Alessia ni yule binti wa mwanangu Mimmo uliyemwona kwenye picha ya komunyo ya kwanza. Ana miaka tisa. Mimmo na mkewe Bronwyn wote wanafanya kazi, kwa hiyo mtoto akitoka shule anakuja kwangu, nami namlisha. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo duniani. Basi mwaka jana akaanza kuvimba midomo, mabaka mekundu yakamjaa mgongoni, kifua kikawa kinapiga filimbi kama birika. Nikafanya alivyofanya mama: sahani ya maji, tone la mafuta ya zeituni, sala, nikampaka kwenye paji la uso kumwondolea jicho la husuda. Halafu chai ya mnanaa yenye asali. Akazidi. Nami nikazidisha asali.

Wakampeleka kwa daktari, daktari akawaelekeza kwa mtaalamu mmoja wa chakula, mwanamke mwembamba kama ufito, ungedhani hajawahi kuonja hicho anachokisomea. Akasema kwenye mimea mna kitu kinaitwa salisileti. Wengi hakiwadhuru, Alessia kinamdhuru. Nikamwuliza kiko wapi nikitoe. Akasema kwenye nyanya, zabibu, zeituni, machungwa, asali, mnanaa, na majani yote ya kunukia. Nikamwambia, mwanangu, umeshamaliza bustani yangu, bado jina langu tu. Hakucheka. Akasema si tone moja linalomwangusha mtoto, bali kitu hicho hujaa mwilini kidogo kidogo mpaka kikafurika. Hilo nililielewa bila shule. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha huyu mtoto ni kidogo.

Kilichobaki ni cheupe kitupu. Viazi vilivyomenywa, kabichi, wali, kuku, tambi zisizo na kitu juu yake. Tunda ni moja tu, peasi bivu lililomenywa. Mimi niliyepikia harusi ya watu mia tatu nilisimama mbele ya sahani ile nisijue mikono niiweke wapi. Alessia akaonja, akasema, bibi, kinafanana na cha hospitali lakini kina ladha yako. Nikaenda kulia kwenye mabanda ya kuku.

Mabaka yakafutika. Tukashukuru. Likizo ilipofika akawa kwangu mchana kutwa, na kila akisikia njaa nilimmenyea peasi. Alasiri moja macho yakamvimba yakafumba, akawa anavuta pumzi kama mtu anayeinua gunia. Nikampulizia dawa yake, nikaita gari la wagonjwa. Njiani nilimshika mguu, maana mguu ndio walioniachia.

Alipotulia, Bronwyn akaniuliza, Mama, umempa nini. Nikaapa kwa kaburi la mume wangu kwamba ni peasi tu. Hakuniamini. Alikuja akapekua pipa langu la taka akitafuta nyanya, akakuta maganda. Akaliinua moja dirishani na mwanga ukapita. Akakaa chini. Akasema taratibu, Mama, tulikwambia ganda liwe nene, kile kitu kimelala chini ya ganda.

Ni kweli waliniambia, nami niliitikia. Lakini wewe unajua tulikotoka. Unakumbuka mama alivyoinua maganda yetu ya viazi kwenye taa, na ole wake mwenye ganda nene: unalisha watu wewe au nguruwe? Mimi ndiye niliyemenya membamba kuwashinda nyote, mkasema nitaolewa upesi. Sifa yangu hiyo ndiyo iliyomkaba mtoto.

Bronwyn si mbaya. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema kwa sasa Alessia atabaki shuleni jioni hadi wamchukue, kwangu atakuja Jumapili tu, na atakula alichokuja nacho. Mimmo alikuwa anatazama viatu vyake. Tangu hapo nakaa jikoni na peasi najiambia, nene, Nunziata, nene. Mkono unaanza vizuri, kisha unarudi kwa mama.

Jumapili iliyopita alikuja na kikopo chake. Nilikuwa naosha vyombo nimekunja mikono ya gauni. Akanishika kiwiko akasema, bibi, kumbe na wewe una mabaka kama yangu. Nikaishusha mikono ya gauni upesi.

Sasa nakwambia wewe, na Pina ndiyo kwanza anasikia, kalamu imemsimama. Mabaka haya ninayo tangu utotoni. Kila msimu wa mchuzi navaa mikono mirefu, watu wanasema ni heshima ya mjane. Unakumbuka mwaka ule nilivimba uso nikafichwa chumba cha mbuzi, mama akasema nimetupiwa jicho? Maisha yangu yote nimejikuna nikidhani watu wananionea wivu, mimi ambaye sikuwa na hata viatu vya kuonewa wivu. Yule mtaalamu mwembamba alisema mara nyingi jambo hili hutembea katika damu. Basi ni damu yangu, dada. Ganda lilikuwa kosa la mkono. Hili sina kisu cha kulimenya.

Alessia akafungua kikopo. Peasi walilimenya nene hasa, lilibaki dogo kama yai. Akanikatia nusu, akasema, kula bibi, hili halitakuwasha. Nikala, mimi, nikilishwa nyumbani kwangu kutoka kwenye kikopo cha mtoto. Na kweli halikuniwasha.

Niambie ukweli, wewe uliyelala kitanda kimoja na mama baada ya baba kufa. Alikuwa akijikuna?

Nisalimie wanao na wajukuu, na padre ukimwona. Uwashie mama mshumaa kwa niaba yangu, hata kama jibu ni ndiyo. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mdogo wako,
Nunziata