Guta Lililolia Njia ya Nkome

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa hiyo tuendelee.

Ni Kabula. Nakuandikia habari za guta, maana najua ungekuwa na nafasi ya kuuliza jambo moja tu, ungeuliza hilo kwanza, halafu ndiyo utukumbuke sisi. Lipo. Matairi ya nyuma nimebadilisha. Breki ya mguu bado inataka ukali, kama ulivyoiacha. Watu wa hapa Segese wanaendelea kutushangaa kwamba pikipiki ya magurudumu matatu, iliyotengenezwa kubeba saruji na ndoo za maji mtaani, sisi tunaipeleka safari mpaka ziwani na kurudi na magunia ya dagaa. Ulikuwa unawajibu kwamba hata lori lilianza kama guta. Mimi siwajibu kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Tulipokwisha kukuzika, guta lako lilianza kulia.

Sisemi liliharibika. Injini ilikuwa inachapa kazi vizuri tu. Ni mlio mwembamba, mrefu, kama wa mtu anayejizuia asisikike na majirani. Tukienda polepole haupo. Mwendo ukikolea unaanza, tukipunguza unakatika.

Tuliusikia mara ya kwanza mimi na mama, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mila unaijua kunishinda: mjane anakaa ndani mpaka matanga yaanuliwe. Lakini wale watu wa Nkome walikuwa wameshakuanikia dagaa uliowaagiza kabla hujaugua, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Dagaa hajui msiba, akinyeshewa anaoza. Mama akajifunga kanga yake nyeusi, akapanda nyuma kwenye bodi, mimi nikashika usukani. Hatujafika hata Kakola, likaanza. Mama alinishika bega, na hakuliachia mpaka tulipofika Geita mjini.

Tulivyorudi na mzigo lilinyamaza. Safari iliyofuata, tukienda watupu, likalia tena, tena mbele ya nyumba ya baba mdogo Luhende, naye alikuwa amekaa nje anachonga mpini. Jioni yake akaja nyumbani. Hakukaa hata kwenye kiti. Akasema, "Kaka analia."

Akaeleza vizuri kabisa. Ulipokuwa hai guta halikulia. Limeanza kulia siku mama alipovunja eda akaenda kufuata dagaa. Linalia likimtoa nyumbani, likimrudisha linanyamaza. "Mnataka awaambie kwa lugha gani?" akauliza. Baba, nikisema kweli, ile ilikuwa hoja iliyonyooka.

Akasema masamva, yaani ninyi mliotangulia, hamchezewi. Guta lazima litulizwe: lichinjiwe mbuzi, halafu likae kwake, kwa mdogo wa marehemu, lisiguswe tena na mama. Kila mtu pale anajua kwamba baba mdogo anasomba mawe ya dhahabu kupeleka karasha, kwenye mashine ya kuyasaga, na hana chombo cha kubebea. Hakuna aliyelisema. Sisi Wasukuma tuna adabu sana pale tunapoibiwa.

Sikuchukia habari za masamva. Hata wewe ulikuwa unamwagia wazee pombe kidogo kabla ya kunywa. Nilichochukia ni kwamba walimtwisha mama. Wanawake sokoni wakaanza kumsalimia kwa mbali, "Mwangaluka, mama Kabula," halafu macho wanayapeleka kwenye mafungu ya nyanya. Akaacha kula. Akaniambia kwamba siku ya kuanua matanga wakilichukua guta, atawapa, kwa sababu pengine ni kweli amekukosea. Bila guta hakuna Nkome, bila Nkome sisi hatuna biashara, na wadogo zangu unawajua wanavyokula. Lakini hilo la chakula lilikuwa dogo. Nilikuwa naona mama ataishi miaka yote iliyobaki akiamini alikuliza.

Nikaanza kuutafuta ule mlio.

Nililipeleka kwanza kwa fundi Shija wa pale stendi, yule mliyekuwa mnabishana kuhusu oili mpaka chai inapoa. Aliendesha kidogo, akashuka akiwa ameshajua: "Difu hiyo, gia za ekseli ya nyuma. Tuifungue." Alikuwa ameshashika spana. Nikamwambia asubiri, kwa sababu ulinifundisha kwamba usifungue kitu ambacho hujakisikiliza. Akacheka. Akasema nimerithi ubishi, na wenye haki ya kurithi guta ni wengine.

Basi nikasikiliza. Barabarani, mlio ukiwa umekolea, nilibana klachi. Injini ikashuka, mlio ukabaki palepale. Maana yake si injini wala giaboksi. Nikaliinua nyuma kwa jeki, nikaweka gia ya juu, nikaacha magurudumu yazunguke hewani huku nimegusisha kipande cha mti kwenye difu na ncha nyingine kwenye sikio, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Difu ilikuwa inanguruma ngurumo yake ya siku zote. Nikazungusha magurudumu kwa mkono, beringi hazikuwa na mkwaruzo. Likiwa limesimama, guta lilikuwa zima kuliko mimi.

Jambo moja lilikataa kunitoka kichwani. Difu mbovu hulalamika ukiibebesha. Hili lilikuwa linalia likiwa tupu, na ukilijaza magunia mpaka juu linanyamaza. Chuma gani hicho kinachofurahia mzigo? Kuna siku nilianza kumwamini baba mdogo, na nikakukasirikia kidogo. Nilisema moyoni, kama ana neno na mama si angelisema alipokuwa na mdomo.

Siku ya kuanua matanga wazee walikaa uani, nami nilikuwa nawamiminia chai. Baba mdogo alikuwa anazungumza. Jua lilikuwa kali, likapenya kwenye matundu ya turubai juu yao na kunipiga jichoni, nikainua uso. Nikaona michirizi ya grisi kwenye turubai, mitatu, imeachana sawasawa. Ile grisi naijua. Niliipaka mimi kwenye mabomba ya guta, yale ya juu ya bodi yanayobeba turubai lake, ili yasipate kutu.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi kuliko ulivyotarajia, kivuli hakikutosha, na vijana walivua turubai la guta wakalifunga pale uani. Halikurudi. Haturuhusiwi kushusha kivuli cha msiba kabla ya matanga, na wala hatukufikiria kulishusha. Kwa hiyo tulipoenda Nkome mabomba yalikuwa uchi. Wazee walikuwa wanajadili kilio cha guta wakiwa wamekaa chini ya kitu kilichokuwa kinalinyamazisha.

Nikaweka birika chini. Nikaenda kwenye guta, nikaweka mdomo kwenye ncha ya lile bomba la juu la mbele, pale turubai lilipokuwa linafunika, nikapuliza kama mtoto anavyopuliza chupa ya soda. Likalia. Ukipakia magunia mpaka juu yanaukinga upepo. Ukienda mtupu upepo unapita kwenye ncha ya bomba na kulipuliza.

Niliwaomba wazee wasogee barabarani, wakasogea kwa kunihurumia. Nikapita mbele yao kwa kasi, likalia, nikamwona mama amefunika uso. Nikarudi, nikaziba bomba kwa magunzi ya mahindi na kitambaa, nikapita tena kwa kasi ileile. Kimya. Babu Ng'wandu, ambaye wewe ulikuwa unamwogopa, akasema, "Wabeja, asante mjukuu wangu." Nikadhani yamekwisha.

Baba mdogo wala hakutikisika. Akauliza, "Na huo upepo, anaupuliza nani?"

Wazee wakaanza kutikisa vichwa. Baba, nilichoka pale. Nilikuwa nimeleta klachi, jeki, beringi na magunzi, na mtu ananiuliza upepo ni wa nani. Huwezi kulijibu swali hilo kwa spana.

Mama ndiye aliyelijibu. Alikuwa hajazungumza mbele ya wazee tangu ufe. Alipiga magoti kama inavyotakiwa, akatazama chini, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei. Akasema, "Shemeji, mimi sibishani. Tukubali ni yeye. Basi kama ni yeye, aliyemo humo ni mume wangu. Mjane kurithiwa na shemeji yake nimesikia. Mume kurithiwa na mdogo wake, hilo ndiyo nalisikia leo."

Babu Ng'wandu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, na wengine wakamfuata. Baba mdogo naye ilimbidi acheke, maana angefanyaje. Ikaamuliwa kwamba mume wa mtu abaki kwa mkewe. Turubai likashushwa, nikalifunga mahali pake kwa kamba mpya. Jirani mmoja aliyekuwa anamkwepa mama sokoni alimletea viazi vitamu jioni ileile, na mama akavila.

Juzi tulikwenda Nkome. Asubuhi, barabara kavu, guta tupu. Tulipopita Kakola nikakoleza mwendo. Hakuna kitu. Injini, matairi, turubai likipigapiga kidogo, basi. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Mama akaniita kutoka nyuma, "Kabula, unasikia chochote?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Na mimi."

Nikasimamisha guta pembeni. Sikuwa na sababu ya kifundi. Siku ya mazishi yako nilisimama imara, niligawa maji, niliongoza magari, watu wakasema mtoto huyu ana moyo wa mwanamume. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeziba lile bomba, nikijua ni bomba. Lakini pale barabarani, kwenye ule ukimya nilioutengeneza kwa mikono yangu, ndipo nilipojua kwamba umekufa. Nililia kwa sauti, baba. Mama alishuka akanishika bega, safari hii si kwa woga. Halafu akaniambia twende, dagaa hawatungoji.

Lala salama, baba yangu. Mama nitamtunza. Guta likitoa mlio mwingine, na litatoa maana ni chuma, nitashuka nitafute mpaka nipate. Sitakusingizia wewe, wala sitamwachia mtu akusingizie. Ulifanya kazi ya kutosha, pumzika.

Mwanao,
Kabula