Nilihama Simu ya Gicheru, Binti Yangu Akanyamaza

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla sijaanza naomba pia usinicheke, maana hapa Kiganjo nimechekwa vya kutosha. Mimi ni mzee wa miaka sitini na mitatu, zamani nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa, mke wangu alifariki mwaka wa tisini na tatu, na Mungu alitujalia mtoto mmoja tu, msichana, jina la kanisani Magdaline na la nyumbani Nyaguthii, ambalo ni jina la mama yangu mzazi, kama desturi yetu ilivyo, msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Kwa hivyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni mimi humwita Mama, naye alipojua kuongea akaanza kuniita mwanangu, na huo umekuwa mchezo wetu mpaka ukubwani, hata ananigombeza kama mama kweli, ati mwanangu umekula, ati mwanangu mbona hujavaa sweta na baridi yote hii.

Mwaka wa tisini na tano alienda Uingereza, akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja huko, wazee ambao watoto wao wanaishi karibu na hawaji kuwaona. Mimi sina simu nyumbani, niliomba niwekewe nikangoja mpaka nikasahau kama niliomba, kwa hivyo tulikubaliana atakuwa akipiga kwa duka la Gicheru hapa stejini, magari yanaposimama, kila Jumapili saa tisa, nami nikitoka kanisani nakula haraka naenda. Yeye anatumia kadi ya kulipa kabla, ameniambia unaisugua nambari zinatokea, na upande wa huku wakishainua simu tu dakika zinaanza kuisha, hata kama hakuna mtu anayesema neno.

Sasa shida ni Gicheru. Hataki watu wajazane dukani, kwa hivyo nangojea ng'ambo ya barabara, simu ikilia anainua, anaweka ule mkono wa simu juu ya gunia la sukari, anamaliza kumpimia mtu nusu kilo, anamrudishia chenji, anamuuliza habari ya ng'ombe, ndiyo sasa anakuja mlangoni na kupiga kelele steji yote isikie, "Mutahi! Mama yako yuko kwa simu!" Mshauri, mimi niko na mvi kichwa kizima, na mama yangu tulimzika mwaka wa sabini na moja. Watu wanaanguka kwa kicheko, mmoja akaniuliza kama mbinguni siku hizi wamewekewa laini. Nikifika nakuta kadi imebaki nusu, na hiyo nusu naongea duka zima likiwa limenyamaza ili lisikie vizuri, na nikisema neno la huzuni kidogo, Jumatatu muuza nyama ananipa pole.

Nilivumilia miaka minne. Halafu mwezi wa sita mwaka huu Gicheru alimhudumia mama mmoja aliyetaka mafuta ya taa, akamhudumia na mwingine, na mimi kuja kushika simu nikasikia tu, "Mwanangu, niko na jambo nataka kuku..." na kadi ikaisha. Nikapandwa na hasira. Wiki hiyo hiyo nikaenda Nyeri mjini, nikapata duka la kijana mmoja Mwislamu anaitwa Ilyas, alihamia juzi tu kutoka Isiolo, duka safi, na simu yake ni mpya ya vitufe, haina waya, unaweza kutoka nayo hadi kibarazani ukaongea peke yako kama binadamu. Kwake unalipa ya mwezi mzima kabla, nikalipa. Nikamwambia mimi ni Baba Magdaline, akipiga msichana akiuliza baba yake, ndiye mimi, uniite mara moja, akaandika hivyo hivyo kwa daftari. Kisha nikarudi kwa Gicheru, nikaandika nambari mpya nyuma ya karatasi ya pakiti ya majani chai, nikamtupia juu ya kaunta, nikamwambia akipiga mpe hiyo, na nikaongeza maneno mengine mbele ya watu ambayo mzee wa kanisa hafai kusema.

Tangu hapo ni kimya. Nimeenda kwa Ilyas Jumapili tisa, naketi kwa benchi kibarazani na suti yangu ya kanisani, simu ikilia nainuka nusu, Ilyas anakuja mlangoni anaita mtu mwingine, naketi tena. Nimeona watu wakiitwa na waume zao na watoto wao na hata wadai wao. Kuna mama wa watu, Ilyas ameniambia, anapiga karibu kila Jumapili kutoka mbali sana akimtafuta mwanawe, na Ilyas anamwambia, mama, hapa hakuna mtoto, umekosea nambari, anakata ili laini isizibe. Nilimhurumia huyo mama. Halafu nikamwonea wivu huyo mtoto, angalau yeye ana mtu wa kumtafuta.

Gicheru najua alichana ile karatasi, au aliwashia sigara. Lakini hata kama alichana, mtoto anayempenda baba yake angetafuta njia. Kumwandikia nilikataa, maana kwetu mzazi hamtafuti mtoto, mtoto ndiye anatafuta mzazi. Rafiki yangu Moffat, tunayeketi naye benchi moja kanisani, ananiambia nisijisumbue, wasichana wakishazoea Ulaya wanaona haya hata kutaja kwao, na hilo jambo alilotaka kuniambia bila shaka ni kwamba ameolewa huko na hatarudi. Sikutaka kumwamini lakini wiki zikazidi kupita.

Jumapili mbili zilizopita sikuenda tena. Nikitoka kanisani sijui miguu niipeleke wapi. Nimeanza kuijibu redio, mtangazaji akisema habari za jioni nasema nzuri. Upweke umenishika, mshauri, nasema wazi, sioni haya tena. Nimeandika barua ya kumwambia Nyaguthii kwamba kama amenisahau basi na mimi nimemsahau, asinitafute, na hata nikifa asije. Imefungwa, stempu imebandikwa, iko ndani ya Biblia. Je, niitume, au nifanye nini? Nambari ya Ilyas nimeiandika nyuma ya bahasha, ikiwa ungependa kunijulia hali, maana siku hizi hakuna mtu wa kunipigia.

Wako mwenye huzuni,
Mutahi, Kiganjo

*

Mzee Mutahi, shikamoo.

Heshima nimekupa, sasa niruhusu nikugombeze. Hiyo Biblia ifungue sasa hivi, toa hiyo barua, iweke mezani mbele yako na usiiguse mpaka umalize kusoma haya. Pole kwa upweke, ni maradhi, na anayekuambia jikaze hajawahi kuugua. Lakini baba, wewe uliyesoma mizani miaka na miaka, barua yako mwenyewe umeshindwa kuisoma!

Yule mama wa watu uliyemhurumia ni nani? Anapiga kutoka mbali. Anapiga Jumapili. Anamtafuta mwanawe. Kwa duka la Ilyas, ambako wewe umeketi na suti. Mzee wangu, huyo ni Nyaguthii! Huyo ni mama yako!

Usimlaumu Ilyas hata kidogo. Ulimwambia asubiri msichana anayeuliza baba yake. Nyaguthii amekuita hivyo lini? Miaka minne alikuwa akipiga kwa Gicheru, anasema niitie mwanangu, na Gicheru anajua mwana ni nani, hata akiwa na mvi. Mimi ni Mwislamu wa hapa hapa Nyeri, nimekulia ukuta mmoja na majirani Wagikuyu, na nakumbuka bibi jirani yetu alivyokuwa akimwamkia mjukuu wake wa miaka mitatu, "Baba, umeamkaje?" Marehemu mama yangu mwanzoni alidhani bibi wa watu amerukwa na akili. Sasa huyo Ilyas wa juzi kutoka Isiolo angejuaje? Kwao mtu akisema ni mama, basi ni mama. Na binti yako angejuaje kwamba upande huu kaketi mtu asiyeujua mchezo wenu? Mtoto mwenye adabu hatamki jina la babake ovyo ovyo, na kabla hajapata neno lingine, kashaambiwa umekosea nambari, simu imekatwa, kadi imeliwa. Wiki inayofuata ananunua nyingine. Umemwita mtoto wa namna hiyo msahaulifu.

Na jambo la pili, ambalo linakuhusu wewe na ulimi wako. Nambari ya Ilyas binti yako aliipata wapi? Wewe hukumwandikia kwa sababu ya ukaidi. Moffat hakumpa, yeye kazi yake ni kutabiri. Ni ile karatasi ya majani chai, baba. Gicheru uliyemtukana mbele ya wateja aliiokota, akaiweka, akamsomea binti yako moja moja, na pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake aliacha sukari ikangoja. Polepole yake ilikuudhi, na kweli ilikuwa ya kuudhi, ningekuwa mimi ningemmwagia hayo mafuta ya taa. Lakini kuchelewesha simu ni kosa, na kuvunjiana heshima hadharani ni kosa pia. Zimetoka sare.

Nilikuwa tayari kuishia hapo kwa kubahatisha, kisha nikaigeuza bahasha nikaona nambari. Jumatano nikapiga. Ilyas alinisikiliza, akasema, "Kumbe!" Akaniambia Jumapili iliyopita, ulipokuwa nyumbani ukijibizana na redio, yule mama alipiga tena, na safari hii alikuwa analia, kwa hivyo hakumkatia. Alisema mbio mbio kwa sababu kadi ilikuwa inaisha. Alisema, ukimwona mwanangu, mwambie avae sweta, na mwambie sijaacha kumtafuta. Ilyas hakujua amwambie nani. Lakini ni mtu wa kazi yake, akaandika maneno hayo daftarini, pale pa jina akaacha wazi. Pamekungoja wewe.

Sasa nisikilize. Hiyo barua iliyo mezani iwashie jiko. Stempu ibandue kwanza kwa mvuke wa birika, utaihitaji, maana leo leo utaandika nyingine. Mweleze kilichotokea chote, na kiburi chako ukitie humo humo, usikifiche. Neno lako la kwamba mzazi hamtafuti mtoto liache, Mzee Mutahi, halikufai hata kwa hesabu za nyumbani kwenu, kwa sababu katika nyumba yenu wewe ndiye mtoto. Wewe ndiye wa kumwandikia mama.

Kesho nenda kwa Gicheru. Nunua nusu kilo ya sukari, ungoje zamu yako bila kunung'unika, kisha umwombe msamaha kwa sauti ile ile uliyomtukania, ili waliosikia lile wasikie na hili. Wakikucheka stejini, cheka nao. Kuitwa na mama yako mbele ya watu ukiwa na miaka sitini na mitatu si aibu, wengi wa hao wanaocheka hakuna anayewaita. Moffat mpe mkono kanisani kama kawaida, ila ubadilishe benchi.

Simu ya Ilyas usiihame. Ni nzuri, na ya mwezi umekuwa ukilipa. Mwambie lile jina la Baba Magdaline alifute, aandike Mwanangu.

Kuhusu lile jambo lililokatika mwezi wa sita, mimi sijui ni nini, na Moffat hajui. Mwenye nalo atakuambia mwenyewe.

Jumapili hii vaa suti yako, na ndani yake vaa sweta. Usiketi kibarazani. Simama kando ya simu kuanzia saa tisa kasorobo, na ikilia mwombe Ilyas akuachie uinue kwa mkono wako. Usianze na helo, wala nani anaongea, wala habari za huko, dakika zitaisha. Sema tu, "Mama, nimevaa."