Kumi na Moja ya Ba

Jumapili, 3 Agosti
Wali na mbaazi. Maziwa yamechemshwa. Kalenda imesomwa. Tangu macho ya Ba yaingie ukungu, kumsomea siku ndiyo kazi yangu ya kwanza, jiko baadaye. Ba ni mama kwa lugha yao ya Kigujarati, na hapa Msambweni nusu ya mtaa humwita hivyo. Siku ya kumi na moja ya mwezi, kwa dini yao ya Kihindu, hali nafaka wala kunde: si wali, si chapati, si mbaazi. Mara mbili kila mwezi: ukikua na, hesabu ikianza upya, ukipungua. Tangu aolewe hajaruka hata moja. Keshokutwa ni moja.

Jumatatu, 4 Agosti
Kirit, mwanawe, amepiga simu kutoka Nairobi. Daktari amemkataza Ba kufunga kwa sababu ya sukari. Ba hasikii. Basi, ati, nimwambie Ba siku yenyewe ni Jumamosi, naye atakuja wazungumze. Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa? Na duara jekundu la Jumanne kwenye kalenda alilichora Kirit mwenyewe, mwaka ulipoanza.

Jumanne, 5 Agosti
Ba ameuliza siku. Nimesema Jumamosi. Akala wali, akausifu. Mimi wangu nikaurudisha sufuriani. Mtu akinidanganya Ramadhani nikala mchana, wallahi simpi mkono tena.

Ijumaa, 8 Agosti
Yameharibika. Nilikuwa napika dengu, Ba akaniambia kama siku zote, "Onja chumvi, mwanangu." Huwa natia tone kiganjani, mwiko usiguse mdomo, ndivyo alivyonifunza. Nikajibu bila kufikiri, maana nimo kwenye zile siku tatu za sunna za mwezi mpevu: "Nimefunga, Ba. Siku nyeupe. Leo mwezi kumi na tatu."

Akaanza kuhesabu siku kurudi nyuma kwa vidole. Mwezi wao hututangulia siku moja hivi, na hilo analijua. Kazaliwa hapa hapa, hesabu ya mwezi wetu anaiweza kuliko jirani zangu. Kidole kikasimama kwenye Jumanne.

"Nilikula wali," akasema. Basi. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Agosti
Kirit hakuja. Kazi, ati. Nimemaliza siku zangu tatu, na sijui kama nilifunga au nilishinda njaa tu. Kalenda haipo ukutani. Nimeiona chini ya mto wake, yeye asiyeona hata tarehe. Shikamoo yangu anaiitikia. Siku haniulizi.

Jumamosi, 16 Agosti
Sikukuu ya kuzaliwa Krishna, mungu wao, nayo hufungwa. Dadake Ba alimpigia simu, ndivyo alivyojua. Akafunga kimya. Vidonge vya sukari kameza, chakula hakula. Chai niliyompa kaimwaga kwenye karo, nami nikaona kikombe kitupu nikaridhika. Saa tisa nikamkuta sakafuni, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Nikampaka asali kwenye ufizi. Nikapiga ukelele hadi jirani akaja na gari. Hospitali wakasema sukari imeshuka mno, tungechelewa kidogo yangekuwa mengine. Tumerudi magharibi.

Nilitaka asifunge. Nikamfanya afunge peke yake. Kosa ni langu, si la Kirit, maana mdomo uliosema Jumamosi ni huu wangu.

Jumapili, 17 Agosti
Nimempigia Kirit. Nimemwambia simdanganyi mamake tena, na akitaka anifukuze. Akasema atampigia daktari.

Jumatatu, 18 Agosti
Daktari amekubali kwa shingo upande. Matunda, maziwa, viazi, kwa kipimo. Vidonge vipunguzwe siku hiyo. Akijisikia vibaya, afungue palepale. Nimemweleza Ba yote, na nimemwomba radhi. Nililia kidogo. Alisema, "Haya," akageukia ukutani.

Jumanne, 19 Agosti
Kalenda ilikuwa mezani, karibu na miwani isiyomfaa tena.

"Nisomee."

Nikasoma. Leo, Ba. Leo ni kumi na moja.

Maziwa saa nne. Ndizi nusu, saa sita. Nikamchoma kidole mara mbili kupima sukari, akanuna mara moja. Nikapika mchuzi wa viazi na karanga kwa chumvi ya mawe, ile ya siku za kufunga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kama zamani.

"Onja chumvi, mwanangu."

Nikatia tone kiganjani. Imepungua. Nikamwambia.