Godoro Letu Limeziba Mlango wa Samaki

"Tangu mtambo uje samaki wameongezeka, na asiyeona akapimwe macho." Mpendwa mshauri, maneno hayo ni ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya umeme wetu wa mto, na Ijumaa hii atayarudia mbele ya watu wote kisha anikabidhi cheti cha pongezi, nami naomba msaada wako upesi kwa sababu maneno hayo ni uongo, na aliyeufanya uongo huo ufanane na kweli ni mimi.

Mimi ndiye mwendeshaji wa mtambo, wananiita Mama Mitambo, kazi yangu ni kufungulia maji, kuondoa majani kwenye chujio, kupaka grisi na kutukanwa umeme ukififia. Mto wetu umejengewa ukuta wa kimo cha mtu, unaogeuza maji yaingie kwenye mfereji hadi mtamboni, na pembeni mwa ukuta wajenzi waliacha mlango wa samaki, yaani vidimbwi vilivyopangwa kama ngazi ambavyo maji hupita saa zote ili samaki wapande kwenda kutaga huko juu, na waliniapisha kwamba mlango huo haufungwi, iwe jua iwe mvua.

Sasa mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, na kila alasiri mashine mbili za kusaga zikiunguruma pamoja na yake umeme unalegea, chuma hakishiki, na mwezi uliopita geti la mwalimu liling'oka likabaki mkononi mwa mwalimu. Mume wangu akaja nyumbani amevimba, anataka maji ya mlango wa samaki nayo yaende mtamboni, "Hivi wewe umeolewa na mimi au na samaki?" nikamjibu, "Baba watoto, samaki hawajawahi kuniuliza chakula kiko wapi," akasema, "Basi nenda ukalale nao," na kaka yake akamuunga mkono kwamba samaki ana mkia, atajua pa kupita, nami kwa kutaka amani nikabeba godoro letu kuukuu, lile la harusi yetu, nikalikunja, nikalisukumiza kwenye mlango wa samaki na kuligandamiza kwa ubao na jiwe. Umeme ukang'aa. Mume akaanza tena kuniita mpenzi.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Mvua za kwanza zimedondoka kidogo, samaki wameanza safari yao, wamefika chini ya ukuta wamekwama, wamesongamana kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari mmoja, matumbo yamejaa mayai, na watu wanawazoa kwa ndoo huku wakiusifu mradi. Shemeji anatembea kifua mbele, anasema mkono wake una baraka, hata bustani yake iliyo chini ya mfereji imekaa kijani kiangazi chote bila kumwagiliwa wakati za wenzake zimekauka. Juzi mama yangu mzazi, ambaye yuko huko juu ya mto na anaishi kwa kukausha samaki, kanipigia simu, "Mwanangu, hebu niulizie huko chini, samaki wamepotea njia au wamegoma?" nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Nikilitoa godoro nyumba yangu itawaka moto, nikiliacha nitapokea cheti cha kumlaza mama yangu njaa. Nifanye nini?

Mama Mitambo

*

Mama Mitambo,

Kwanza nilicheka, usinilaumu. Nimesoma barua nyingi za ndoa na magodoro nayajua kwa visa vyake, lakini hili lako ndilo la kwanza kusimamisha mto. Nilipofika kwenye simu ya mama yako kicheko kikaniisha.

Tumalizane na shemeji. Umati ukisongamana mbele ya mlango uliofungwa, nani husema watu wamezaana? Samaki hao ni walewale ambao wangetawanyika mto mzima. Wanaonekana wengi kwa sababu wamezuiwa, na kila jike linaloingia kwenye ndoo na mayai yake ni mavuno ya miaka ijayo yanayokaangwa leo. Eti samaki ana mkia, atajua pa kupita! Shemeji naye ana miguu miwili. Mfungieni chooni kwa nje, tuone miguu hiyo itampitisha wapi.

Wewe nawe sikupaki mafuta. Uliapishwa, ukajua, ukaziba. Ulimwogopa mume aliyenuna kuliko mama mwenye njaa, na simu ukaikata mwenyewe, haikukatwa na mtandao.

Lakini umeandika jambo zito ukalipita kama hulioni, nawe ni fundi. Bustani imekaa kijani kiangazi chote, haimwagiliwi, nayo iko chini ya mfereji. Mkono wa baraka! Mama, mfereji unavuja. Maji yaliyopaswa kuzungusha mtambo yananyweshwa mboga za mwenyekiti, na lawama zinapelekwa kwa samaki kwa kuwa samaki hawahudhurii vikao.

Sisemi mtambo ung'olewe. Nautaka umeme huo, nawatakia watoto wenu taa na mwalimu geti lililoshika. Wanaotuambia tuchague moja, taa au samaki, ni wavivu wa kutembea kando ya mfereji wao wenyewe.

Basi ukimaliza kusoma hapa, nenda ukalitoe godoro. Funga kwanza maji ya mtambo, simama pembeni, legeza ubao taratibu, maana maji hayatakuomba radhi. Lianike juu ya ukuta watu walione. Kisha mpigie mama yako umweleze kila kitu kabla hajasikia kwa jirani. Atakugombeza, na unastahili.

Kesho ukague mfereji wote, utie alama kila panapovuja. Na mumeo umuulize kwa upole: kwa nini mashine tatu zinaunguruma saa zilezile? Wasagaji wabaki na alasiri yao, yeye achomelee asubuhi. Akisema asubuhi hajaamka, basi tumeshajua ni nani analegeza umeme wa nyumba hiyo. Atanuna. Mwache anune, fundi wa chuma hununa mpaka cheche zirudi.

Ijumaa ukiitwa, usipokee cheti. Waombe watu wageuke watazame upande wa juu wa ukuta, ambako kwa wiki mbili samaki hawakufika, kisha uwaambie ulichofanya kwa mkono wako, na godoro liwe limening'inia nyuma yako. Ni aibu ya dakika tano. Usipoibeba wewe, mama yako ataibeba kwa miaka.

Na ninyi wenyeviti wote wa kamati za umeme wa mto mnaosoma ukurasa huu huku mmekunja nne, hasa wenye bustani chini ya mfereji: leo hii vueni viatu mkaingie bustanini. Mkikuta matope mahali ambapo jirani ana vumbi, msiende kuhutubia mtu. Nendeni mkachanganye saruji.