Nilibadilisha mwisho wa filamu

Buyenzi, Alhamisi

Kwa nini sikufunga mdomo?

Leo kwenye ukumbi wa video nilitafsiri filamu ya Kifaransa, kama kawaida yangu, nimesimama kando ya televisheni na mikrofoni. Ni habari ya mji uliochomwa na vita. Wenyeji wanaupenda, wanajenga tena shule na soko, wanashindwa. Mwishowe kila mtu anabeba godoro lake na kuuhama.

Ukumbi ulijaa wakimbizi wa vita hivi vyetu. Sikuweza kuwaambia hivyo. Nikasema wale watu wanarudi nyumbani, na majirani wanawangoja na chai. Wakapiga makofi. Nami nikajivuna, mjinga mimi.

Mama Zaina, anayelala barazani kwetu tangu majirani wamchomee nyumba, alinishika mkono mlangoni.

"Wale majirani wa kwenye filamu waliwapokea kweli?"

"Ndiyo, Mama."

Jioni nimemkuta anafunga godoro lake kwa kamba. Kesho anarudi kwake. Nikamwambia ukweli wote, kwamba ule mwisho niliutunga mimi.

Akanicheka. "Apana, mwanangu. Niliwaona kwa macho yangu, wamebeba magodoro wanarudi kwao."