Rahma Hatamwamkia Sefu

Mama yangu mzazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, nimesimama jikoni na mikono ina unga. Dakika sita nzima. Umesema harusi ya mdogo wetu Hamisi ni baada ya Idi, umesema niwahi kukata tiketi, umesema nikuletee abaya mbili nyeusi zisizo na mawe mengi. Yote sawa. Halafu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka chumvi, ukasema: "Na msihangaike na gari, Sefu atawapokea. Ndiye anayeshughulikia kila kitu hapa, hata watoto wa Zuhura anawapeleka madrasa kwa pikipiki. Mungu ambariki."

Sefu, mama? Sefu huyo huyo?

Nina hasira, na safari hii sitaifunika kwa upole wa simu za Ijumaa. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nami nikikatizwa hulia, na nikilia unasema "haya basi, yameisha". Hayajaisha.

Kumbuka ulivyokuja Doha, mwaka ule ndege zilipohamia uwanja mpya. Ulikuwa umebeba mbuzi ya kukunia nazi ndani ya begi, na yule askari wa forodha akaishika kwa vidole viwili akitaka kujua chuma chenye meno ni cha kazi gani. Ukamwonyesha kwa vitendo. Ukachuchumaa, ukakuna nazi isiyokuwepo, foleni nzima ikacheka na yeye akacheka. Vile vyumba vyetu viwili vya Abu Hamour, vilivyomegwa kutoka kwenye villa ya watu, vikaanza kunukia wali wa nazi. Rahma alikuwa na miaka mitano. Alihama kitanda chetu siku hiyo hiyo akaja kulala kwako.

Ulimkuta hajui kuamkia. Uliniuliza, "Mnalea mtoto au mnafuga paka?" Ukamfundisha shikamoo, ukamfundisha kukunja goti kidogo na kungoja marahaba kabla ya kukimbilia michezo yake. Baada ya wiki mbili akawa anamwamkia kila mtu, hadi yule Mnepali wa bakala, kile kiduka cha pale kona, ambaye hakuelewa chochote ila alimpa pipi. Nilijivunia, mama. Hilo silifuti na sitalifuta.

Sefu tulimpata kwa njia ya watu wa Tanga. Kijana wa mtaa wa pili kutoka kwako, dereva wa magari ya kukodi, Ijumaa hana kazi. Mimi Ijumaa nilikuwa zamu hotelini, baba Rahma zamu getini, na wewe ulikuwa umechoka kuzungumza na kuta. Akakuletea changu wabichi, akakubebea gunia la mchele ngazini, akakuzungusha Konishi, ile barabara ya ufukweni, ukaone maghorofa. Ukamwita mwanangu. Rahma akamwita mjomba. Nani angemfukuza mtu kama huyo? Nilikuwa nikimwekea mandazi.

Kisha ikaja ile Ijumaa niliyokuwa nyumbani. Sefu kapiga hodi, wewe umekwenda kumfungulia, na Rahma kaingia nyuma ya friji. Si kujificha kwa kucheza. Alijibanza kule kwenye vumbi na waya, akafumba macho. Ukamwita mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu ukapandisha sauti: "Toka lini mtoto akachagua wa kumwamkia? Njoo hapa, usinitie aibu."

Na mimi, mama, nilifanya nini? Nilimvuta mkono nikamfinya. Mimi mwenyewe. Alitoka akapiga goti lake, akasema shikamoo mjomba, na Sefu akamwekea mkono kichwani akicheka, "Marahaba bibi harusi." Mkojo ukamtiririka Rahma mpaka kwenye soksi. Wewe ukasema huyu mtoto ana deko, mimi nikaenda kuchukua tambara. Kila nikikumbuka lile tambara najichukia.

Tumbo likaanza kumuuma. Nikasema joto. Wewe ukasema minyoo, ukachemsha mwarobaini, nami nikanunua dawa ya minyoo juu yake. Kitanda kikawa kinaloa, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani tangu hajatimiza miaka mitatu. Alhamisi jioni tumbo lilikuwa linakaza, Jumamosi anakula vizuri, na sisi watu wazima watatu tulishindwa kuona mpangilio huo. Aliuona yule daktari wa kituo cha afya, mama wa Kisudani, ambaye alimkalisha Rahma na karatasi na kalamu za rangi, akaongea naye Kiingereza chake cha shule, akamuuliza kama kuna siku tumbo linauma zaidi, na siku hiyo nani huwa nyumbani. Rahma alimtaja mjomba. Alisema kuna mchezo mjomba anaufanya bibi akiwa anasali, na amemwambia akisema bibi atarudishwa Tanga.

Nilirudi nyumbani. Nikakueleza. Ukasema, "Huyo daktari kamtia mtoto maneno." Jioni ukasema watoto huota. Kesho yake ukasema tuwaite wakubwa wa Tanga waliopo Doha, wakae na Sefu, wamkanye, aombe radhi, yaishe ndani kwa ndani. Yaishe kwa nani, mama? Rahma angekaa wapi kwenye kikao hicho? Angewaamkia wote kwanza?

Tulikwenda polisi, mimi na baba yake, kwa hofu, maana mgeni nchi ya watu akiingia polisi hajui kama atatoka na kazi yake. Mwanamke mmoja aliongea na Rahma kwenye chumba chenye midoli, taratibu, wala hakumfokea. Kesi ikaenda, mahakama ikamtia hatiani, akafungwa, kisha akarudishwa kwao. Na wewe ulikuwa umeshaondoka zamani, huku visa yako ikiwa bado na mwezi mzima. Ulisema nimemharibia kijana wa watu riziki yake. Ulifunga begi na hukumuaga Rahma, alikuwa shule.

Watu wa nyumbani huniambia nina bahati, nalea mtoto nchi yenye uwezo. Kweli, chanjo hazikosekani, kliniki ni marumaru tupu, shuleni kuna mlinzi. Tulimkinga Rahma na magari, na jua, na wageni tusiowajua. Huyu tulimfungulia mlango wenyewe na kumpa mto wa kuegemea.

Mahakama ya watu wasiomjua Rahma ilimwamini. Bibi yake aliyelala naye kitanda kimoja hakumwamini. Hapo ndipo ninapochoka kabisa, mama. Nadhani najua sababu. Ukikubali kwamba lilitokea, itakubidi ukubali kwamba lilitokea wewe ukiwa kwenye msala chumba cha pili. Basi nisikilize: hakuna aliyekulaumu kwa kusali. Ningekulaumu vipi, mimi niliyemfinya akamwamkie? Ninachokulaumu ni hii miaka mitatu ya baadaye.

Na sasa anawapakia watoto wa Zuhura kwenye pikipiki! Jana nilimpigia mdogo wangu Zuhura nikamweleza yote, na atakayenuna na anune.  Akasema, "Dada, mbona mama alituambia Sefu alirudi kwa sababu mkataba uliisha?" Mkataba, mama. Kuanzia leo wanakwenda madrasa kwa miguu na mama yao.

Nakupenda, na nimekukumbuka hadi kelele zako za asubuhi. Hamisi nimembeba mgongoni, nataka kumwona akioa. Lakini sitamshusha binti yangu kwenye ndege akutane na uso ule, aambiwe apige goti mbele ya watu. Sefu akiwepo, awe mpokezi, awe mpishi, awe mtu wa kufunga turubai tu, sisi hatuji.

Na hilo ndilo dogo. Juzi nilipomtajia harusi, Rahma aliuliza, "Bibi bado amenikasirikia kwa sababu nilisema?" Nikamwambia bibi hajakukasirikia. Akaniangalia kama mtu mzima: "Sasa mbona hajaniambia?"  Ana miaka minane, mama, na jibu hilo unalo wewe.

Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Saa nane mchana Rahma anakuwa ametoka shule, na saa zetu ni sawa na zenu. Mpigie yeye. Usimuulize masomo, usimuulize anataka zawadi gani. Mwambie unamwamini, kisha nyamaza umsikilize.

Ni mimi binti yako, mama yake Rahma.