Nchi ya Madungu

Jumapili, 4 Mei

Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu, nimefua, nimerudi kwenye riwaya. Bado ukurasa wa kwanza. Nchi ambayo watu wote wanaishi juu ya madungu, vibanda vya miti mirefu kama kile cha baba shambani. Badala ya kulinda mpunga wanalindana wao kwa wao, na kushuka ni kosa la jinai. Dungu ni ishara ya hofu. Nimejipenda kwa hilo.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia baba. Yuko Mbuchi, anaamia ndege wasile mpunga mpaka avune. Nikamsomea mwanzo. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mwanangu, huko juu choo wanakwenda wapi?" Nikanuna.

Alhamisi, 8 Mei

Mto umefurika. Kaka Hamisi, anayekaa kijijini hapo Mbuchi, anasema shamba lote limezama. Baba yuko dunguni na gunia la mbegu. Hataki kushuka. Anasema mafuriko ya ujana wao waliyangoja huko huko juu, wakapika na kulala. Mbishi! Nina hasira naye.

Nimeandika kurasa tatu. Maji ndiyo dola, yanapanda bila kelele. Nzuri. Naona aibu kwamba ni nzuri.

Ijumaa, 9 Mei

Hamisi alimfuata na mtumbwi. Mdogo, haubebi watu wawili na gunia. Baba akapakia mbegu. "Tangulia nayo. Mbegu ikilowa imeharibika, mimi nikilowa nitakauka." Hamisi akatii. Kwetu mbegu ya mzee haiachwi majini, hata mimi ningeibeba.

Aliporudi hakukuta dungu.

Jumapili, 11 Mei

Amepatikana kwenye mikoko. Tumemzika nyuma ya msikiti, ndipo palipo pakavu. Hamisi hali chakula. Simlaumu.

Namlaumu.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudi Kibiti, nimemchukua Hamisi na gunia la mbegu. Mwalimu mwenzangu kaja kunipa pole, akaulizia riwaya. Nikamwambia hakuna.

Alipoondoka nikafungua ukurasa wa kwanza. Nimeusoma mara mbili. Dungu langu halimaanishi kitu. Ni miti minne na makuti, na baba yangu yuko juu.

Jua limetoka. Hamisi ameanika mbegu uani, juu ya mkeka. Nimekaa kando, nafukuza kuku.